Wanaoomba Uzamivu wa Baiolojia ya Kinywa, Swali Lenu Liko Wapi?

Kila mwaka ikifika Septemba, msimu wa kuomba kusoma nje unafunguliwa. Kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa meno wa mwaka wa tano na madaktari watarajali linajaa viunganishi vya vyuo vya Marekani na maswali ya aina moja. Mtihani wa GRE bado unatakiwa? IELTS wanataka alama ngapi? Ada ya maombi wanaweza kunisamehe? Ni maswali mazuri na yana majibu. Lakini kuna swali moja ambalo sijawahi kuliona likiulizwa kwenye kundi hilo, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua nani anapata na nani anakosa: unakwenda kutafuta nini?

Kwa miaka miwili hii nimesoma insha za maombi za wenzangu kama kumi na mbili. Si kwamba mimi ni mtaalamu. Nilishaomba, nikafanyiwa usaili kwa mtandao, na watu wakajua nina uvumilivu wa kusoma. "Kaka, naomba unipitie hii," basi napitia. Karibu zote zinaanza vilevile. Tangu utotoni nilivutiwa na tabasamu la watu. Nimetoka familia ya kipato cha chini. Nchi yangu ina madaktari wa meno wachache. Nikimaliza nitarudi kuisaidia jamii yangu. Hakuna uongo hapo. Ila ukifuta jina la juu huwezi kujua ni insha ya nani, na ukifuta neno "kinywa" unaweza kuitumia kuombea nafasi ya kusomea kilimo.

Hoja yangu ni fupi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna maswali ya utafiti wa kinywa ambayo wengi wanaoshindana nasi hawana, kwa sababu wagonjwa wetu wanatuletea vitu ambavyo wao wanavisoma vitabuni tu. Lakini ukifika wakati wa kuomba, tunaliacha swali nyumbani na kupeleka huruma. Tunakosa nafasi, na hasara haiishii kwa mtu mmoja.

Kwanza, ni kitu gani hiki?

Kwa wasomaji wa vitivo vingine, ngoja nieleze. Baiolojia ya kinywa siyo kung'oa jino wala kuziba. Ni utafiti wa jinsi kinywa kinavyoumbika, kinavyofanya kazi na kinavyougua, kuanzia kwenye seli na jeni. Chukua enameli, lile tabaka la nje la jino, ambalo ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Hutengenezwa na seli ziitwazo ameloblasti, na seli hizo hupotea jino linapochomoza. Ndiyo maana mfupa ukivunjika unaunga, lakini enameli ikishaliwa haioti tena. Mtafiti mmoja anaweza kutumia miaka mitano kwenye protini moja tu inayojenga enameli hiyo. Mwingine anahangaika na mate, ambayo mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mwingine yuko kwenye bakteria, maana aina zaidi ya 700 zimeshatambuliwa kinywani. Mwingine yuko kwenye uvimbe wa taya.

Marekani programu hizi zipo katika vyuo kama University at Buffalo, UCLA na Harvard. Majina hutofautiana, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ukitafuta "baiolojia ya kinywa" peke yake utaikosa University of Southern California, wanakotumia jina la baiolojia ya kichwa na uso, na utaikosa University of Michigan, wanakoziita sayansi za afya ya kinywa. Kazi za maabara zinafanana. Tafuta kazi, usitafute jina.

Mlango wa uani

Sasa tuambiane ukweli. Daktari wa meno aliyesomea huku kwetu haruhusiwi kutibu Marekani kwa cheti chake tu. Katika majimbo mengi inabidi aingie tena chuo cha meno cha huko kwa miaka miwili au mitatu, kwa ada ambayo mzazi wa kawaida wa hapa hata kuitamka hawezi, ndipo afikirie leseni. Kwa hiyo kuna wanaouchukulia uzamili au uzamivu wa baiolojia ya kinywa kama mlango wa uani: ingia, pata jina la chuo cha Marekani kwenye wasifu wako, zoeana na walimu, kisha hamia kliniki.

Sisemi ni dhambi. Mtu ana haki ya kupanga maisha yake. Ninachosema ni kwamba wale wanaokaa kwenye kamati za udahili wanaujua mchezo huo kuliko sisi. Ombi la daktari wa meno kutoka nje likifika mezani, swali la kwanza vichwani mwao ni hilo: huyu anataka utafiti kweli, au mwaka wa pili atatuaga? Profesa akipoteza mwanafunzi katikati, anapoteza kazi ya miaka miwili na fedha ambazo hazirudi.

Insha ya "tangu utotoni nilivutiwa na tabasamu" haijibu wasiwasi huo. Tena inauongeza, maana tabasamu ni habari ya kliniki. Kinachojibu ni swali la kitafiti lililoandikwa kwa namna inayoonyesha kuwa umelifikiria muda mrefu, umesoma waliokutangulia, na unajua kwa nini maabara ile na siyo nyingine.

Hapa niongeze jambo moja kwa sababu watu wanaumia. Wengi huomba uzamili wakidhani ni hatua ndogo, kwa hiyo ni rahisi zaidi. Ni rahisi zaidi kuingia, lakini mara nyingi unajilipia mwenyewe. Uzamivu ndio ambao kwa kawaida unakuja na ada iliyolipwa, bima ya afya na posho ya kujikimu. Na programu nyingi za uzamivu za Marekani zinampokea mtu mwenye shahada yetu ya udaktari wa meno bila kupitia uzamili. Rafiki yangu mmoja alipata barua ya kukubaliwa uzamili, tukamshangilia hosteli nzima, akaifungua hadi ukurasa wa gharama, ukimya ukatanda. Hadi leo barua ipo sandukuni.

Fedha zinatoka wapi

Kulielewa hili ni nusu ya ombi. Fedha nyingi za serikali ya Marekani za utafiti wa kinywa hupitia NIDCR, taasisi ya taifa ya utafiti wa meno na uso iliyoanzishwa mwaka 1948. Taasisi hiyo ina ufadhili wa kuwafundisha watafiti wachanga, lakini ule mkubwa wa kitaifa ni kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Mimi na wewe hatumo. Kwa hiyo mwanafunzi wa kutoka nje mara nyingi analipwa na chuo chenyewe au kutoka kwenye fungu la mradi wa profesa wake.

Fikiria maana yake. Kuna mtu ana mradi wa miaka mitano, ana fedha za kumlipa mwanafunzi mmoja au wawili, na barua yako ya imeili imefika kwake saa mbili asubuhi pamoja na nyingine thelathini. Hatafuti mtu mwenye shida kuliko wote. Anatafuta mtu ambaye akimpa benchi la maabara atajua la kufanya. Ukimwandikia kwamba umeota kusoma chuoni kwake, hana cha kujibu. Ukimwandikia kwamba umesoma makala yake kuhusu seli zinazokula mfupa wa taya, kwamba wodini kwenu umeona wagonjwa wa namna fulani ambao hawaendani na maelezo yake, na ungependa kujua kama ameshalijaribu hilo, huyo lazima ajibu, hata kama ni kwa sentensi mbili.

Na usitume barua gizani. Serikali ya Marekani ina hifadhi ya wazi mtandaoni iitwayo NIH RePORTER. Unaandika jina la profesa, unaona ana miradi gani, inahusu nini na inaisha lini. Kama mradi wake pekee unaisha mwaka huu, labda hana fedha ya kukuchukua, hata akikupenda vipi. Ni kazi ya dakika kumi, bando la siku linatosha.

Swali lipo mtaani kwetu

Kuna wanaoniambia, "Sasa kaka, mimi nitapata wapi swali la utafiti? Sijawahi hata kushika panya wa maabara." Ngoja niwape habari ya mtu ambaye naye hakuwa na maabara.

Mwaka 1901 kijana Frederick McKay, ndiyo kwanza ametoka chuo cha meno, alifungua kliniki katika mji wa Colorado Springs. Akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Vitabu alivyosomea havikuwa na maelezo. Wenyeji walikuwa na majibu yao: wengine walisema ni nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya, wengine maji. McKay aliendelea kuuliza. Mwaka 1909 alimpata mshirika mkubwa, G. V. Black, yule yule ambaye tunakariri madaraja yake ya matundu ya meno mpaka usiku wa manane. Wakagundua kwamba meno yale ya madoa, ajabu, yalikuwa magumu kuoza. Jibu lenyewe lilikuja mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, na kukuta floraidi nyingi. Miaka thelathini ya swali moja. Humo ndimo ilimotoka elimu kwamba floraidi kidogo hulinda jino na floraidi nyingi huliharibu, na ndiyo sababu ya kile kilichoandikwa kwenye dawa yako ya mswaki.

Sasa angalia kwetu. Nani hapa chuoni hajawahi kusikia mwenzake wa Arusha akitaniwa kwa meno ya kahawia? Tunacheka, kumbe tunachekea jambo lililoanzisha tawi zima la sayansi. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hasa kuzunguka Mlima Meru, yana floraidi kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa miligramu 4. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na Kilimanjaro watafiti walikuta watoto wenye meno ya namna hiyo hata pale ambapo maji yalikuwa na floraidi kidogo, wakashuku magadi tunayotia kwenye maharage na makande.

Humo kuna maswali mangapi? Chukua moja tu ambalo mama yeyote wa Meru anaweza kukuuliza: watoto wangu wawili wamekunywa maji ya chungu kimoja, kwa nini huyu meno yamechakaa na huyu hayana neno? Hilo ni swali la baiolojia ya kinywa kamili. Maabara za Marekani zina panya wa aina iitwayo A/J, ambao enameli yao huharibika haraka wakipewa floraidi, na aina ya 129P3/J ambao hustahimili. Maana yake jeni zinahusika. Mwanafunzi wa kutoka Usa River anayejua habari ya wale watoto wawili na habari ya wale panya wa aina mbili, akaziweka kwenye aya moja, ameandika ombi ambalo mwombaji wa Boston hawezi kuliandika.

Nikupe jingine. Kila aliyepita wodi ya upasuaji wa taya anaufahamu ameloblastoma, uvimbe unaotokana na seli za ukoo wa zile zinazotengeneza enameli. Hausambai kama saratani, lakini unakula taya, na wagonjwa wetu huja ukiwa umeshakuwa mkubwa. Tunakata taya. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uvimbe huo, hasa wa taya la chini, una badiliko moja kwenye jeni iitwayo BRAF, badiliko lile lile linaloonekana kwenye saratani fulani ya ngozi ambayo tayari ina dawa za vidonge. Je, uvimbe wa mgonjwa wetu aliyeishi nao miaka kumi una badiliko hilo hilo peke yake, au umeshaongeza mengine? Dawa ingemwokolea taya? Mimi sijui, na ndiyo maana nimeomba. Lakini nilipoulizwa kwenye usaili nieleze kwa nini nataka maabara na siyo kliniki, sikuhitaji kukumbuka utoto wangu.

Swali letu, jina la nani?

Nilisema hasara haiishii kwa mtu mmoja. Sababu ni hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya usio wa kawaida, wakati mwingine pande zote nne za kinywa. Akaandika makala mwaka 1958. Mwaka 1961 akafunga safari ya maelfu ya maili kwa gari, hospitali hadi hospitali, akichora ramani ya uvimbe huo. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuona virusi ndani ya seli hizo. Ndivyo virusi vya kwanza vilivyojulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Simlaumu Burkitt. Alikuwa na macho, na alitembea kuliko wengi wetu tutakavyotembea. Lakini angalia mgawanyo: watoto wa huku, taya za huku, uchunguzi wa huku, hadubini ya London, na majina yote yaliyobaki kwenye ugonjwa na kwenye virusi ni ya huko. Leo kuna sheria zaidi. Sampuli haitoki Tanzania bila kibali cha NIMR na mkataba wa makabidhiano. Hiyo ni hatua, lakini mkataba hauulizi swali. Anayeuliza swali ndiye anayeamua sampuli zipi zikusanywe, nini kipimwe na matokeo yaandikwe vipi. Kama hatutakuwa na watu wetu waliofunzwa kuuliza kwa kiwango cha seli na jeni, tutabaki wakusanyaji: wa kujaza fomu, wa kubeba boksi la barafu hadi uwanja wa ndege, wa kutajwa kwenye shukrani mwisho wa makala.

Pingamizi ninazozisikia

Wa kwanza anasema hakuna kazi. Ukirudi na uzamivu wa panya, nani atakuajiri? Ni kweli kwamba aliyejifunza kufunga waya za meno atapata hela haraka kuliko mimi, na sitamdanganya mtu. Anayeona kliniki ndiyo wito wake aende, tunamhitaji. Lakini vyuo vinavyofundisha meno nchini vinahitaji walimu wa masomo ya msingi pia, na walimu hao leo wengi ni wa kuazima kutoka udaktari wa jumla, wanaofundisha kinywa kwa mhadhara mmoja au miwili kati ya utumbo na koo.

Wa pili anasema wagonjwa wamepanga foleni, utafiti wa seli ni anasa. Huyu namheshimu zaidi. Lakini foleni hiyo imejaa watu ambao tunawatibu kwa njia za kukata na kung'oa kwa sababu hatujui zaidi. Maji ya Meru hayakuanza kuchujwa na mtu aliyekuwa akisafisha madoa ya meno mmoja mmoja. Yalichujwa kwa sababu kuna mtu aliuliza madoa yanatoka wapi.

Wa tatu anasema ukienda hurudi. Wengine hawarudi, kweli. Lakini madaktari wa meno wa Tanzania kadhaa walikwenda kuchukua uzamivu Bergen, Norway, na Nijmegen, Uholanzi, wakiwa wanatafiti watu na vinywa vya hapa nyumbani, wakarudi kufundisha. Aliyeondoka na swali la nyumbani ana sababu ya kurudi, kwa sababu majibu yako huku. Na kwa wanaoiogopa Marekani, nchi za Skandinavia nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira, yenye mshahara na mkataba. Huko ndiko kabisa, bila swali hata usihangaike kujaza fomu.

Chuo na serikali ya wanafunzi wafanye nini

Mzigo wote nisiubebeshe kwa mwombaji. Kuna mambo chuoni yanatuangusha, na nataka viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wayapeleke kunakohusika.

La kwanza ni barua za mapendekezo. Tunajua inavyokuwa. Unabisha hodi, "Shikamoo Profesa," unaeleza shida yako, unajibiwa, "Kijana, andika wewe mwenyewe niletee nisaini." Mwalimu ana wanafunzi wengi, naelewa. Lakini mwanafunzi hawezi kujieleza kwa macho ya mwalimu wake, na kamati zinazosoma barua mia kwa msimu zinazitambua barua za namna hiyo. Tuombe utaratibu mdogo: mwanafunzi apeleke ukurasa mmoja wenye kazi alizofanya na swali lake mwezi mmoja kabla, mwalimu aandike mwenyewe hata aya tatu.

La pili ni transkripti. Vyuo vingi vya Marekani hufunga dirisha kuanzia mwanzoni mwa Desemba, usaili ni Januari hadi Machi, na mwisho wa kujibu ofa kwa kawaida ni Aprili 15. Transkripti inayochukua wiki sita kutoka ofisi moja hadi nyingine inaua ombi zuri. Halafu shahada yetu ya udaktari wa meno haina madaraja kama ya wenzetu, wakati fomu za huko zinataka wastani wa alama. Chuo kiandike barua moja rasmi inayoeleza mfumo wetu wa alama, kila mwombaji aiambatishe. Ni karatasi moja tu.

La tatu tunaliweza wenyewe. Tuwe na kikao cha kusoma makala, mara moja kila wiki mbili, watu sita wanatosha. Maktaba yetu inafungua majarida mengi bila malipo kupitia Research4Life, lakini wengi wetu tunaifungua wakati wa sapu tu. Kila kikao makala moja, na kila anayekuja aje na jambo moja aliloona kliniki wiki hiyo ambalo makala haikulieleza. Mwaka mmoja wa vikao hivyo unakupa maswali ishirini. Mawili au matatu kati yao yatakuwa mazuri, na moja litakuwa lako.

Na yale maswali ya WhatsApp niyajibu, nisije nikaitwa mchoyo. GRE: programu nyingi zimeifuta, soma ukurasa wa kila moja. IELTS au TOEFL: kila chuo kina kiwango chake, na vingine humsamehe aliyesoma kwa Kiingereza, omba. Ada ya maombi: kwa chuo kimoja inakaribia au hata kuzidi dola 100, kwa hiyo usirushe maombi kumi kama unabeti; omba msamaha wa ada kwa imeili fupi yenye adabu, wengi hawakatai kabla ya kuombwa.

Ila kabla ya hayo yote, chukua karatasi. Andika jambo moja ulilowahi kuliona kwenye kinywa cha mtu, hapa kwetu, ambalo mwalimu hakuweza kukueleza. Kama una jambo hilo, tayari unaomba uzamivu, fomu ni utaratibu tu. Kama huna, subiri msimu ujao, rudi wodini na ufungue macho. Tangu darasa la kwanza tumeambiwa kuuliza si ujinga. Kwa kazi hii, kuuliza ndiyo sifa wanayoitafuta.